Kunde Zikijaza Maganda, Majani Yasiguswe: Protini ya Punje Hutoka Wapi

Mvua za Deyr zikinyesha vyema, shamba dogo la kunde pembeni mwa silanga au ukingoni mwa laga huko Diff hubadilika sura haraka. Kufikia wiki ya sita au ya saba maua yamefunguka, na siku chache baadaye maganda membamba ya kijani yanaanza kuchomoza.

Wiki zinazofuata ndizo zenye kishawishi. Majani ya kunde bado ni mengi na laini, ilhali Jilaal iko mlangoni. Mboga ya sufuria inatakikana nyumbani, na mbuzi wa maziwa wanahitaji kitu cha kutafuna. Mwenye shamba hutazama maganda, akaona yameshatoka, akasema kazi ya majani imekwisha. Basi majani yanachumwa yote, au mbuzi wanafunguliwa wale kwa saa moja hivi. Maganda yanabaki pale pale, marefu kama yalivyokuwa. Siku ya kuyafungua, punje zilizomo ni nyembamba, zimekunjamana, nyingine ni ganda tupu lenye alama ya mahali punje ilipopaswa kukaa.

Lawama huenda kwa jua, kwa wadudu au kwa aliyeuza mbegu. Kuna wakati lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi jibu liko kwenye majani yale yaliyochumwa, kwa sababu ganda linapochomoza halina bado hata robo ya chakula ambacho punje zake zitakihitaji. Chakula hicho kimewekwa kwingine, na sehemu kubwa yake imewekwa kwenye majani.

Wakaazi wengi wa Wajir Kusini ni wafugaji, na kunde si zao la kutajirisha mtu huku. Hata hivyo digir ni chakula kinachojulikana katika kila nyumba, na cambuulo ya jioni hushibisha watoto wakati maziwa yamepungua. Kunde kavu zina protini kiasi cha asilimia 24 ya uzito wake. Gunia la kilo 90 lina takriban kilo 21 za protini, wakati gunia kama hilo la mahindi lina kilo 8 hivi. Tena protini ya kunde ina kwa wingi kijenzi kiitwacho laisini, ambacho mahindi na mchele vina kidogo, ndiyo maana vyakula hivi viwili vikiliwa pamoja mtoto hufaidika kuliko akila kimoja pekee.

Protini haiwezi kutengenezwa bila naitrojeni. Katika kila gramu 100 za protini, gramu 16 hivi ni naitrojeni. Kwa hesabu hiyo gunia moja la kunde limebeba karibu kilo tatu na nusu za naitrojeni, sawa na iliyomo ndani ya kilo saba na nusu za mbolea ya urea. Mkulima wa Diff hajaweka urea hata kijiko. Je, kilo hizo tatu na nusu zimetoka wapi, na zimeingiaje ndani ya punje?

Safari ya kutoka hewani

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia jinsi ilivyo. Jamii ya mikunde imepata njia yake. Kwenye mizizi kuna vinundu vidogo vya mviringo, na ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria waitwao rizobia. Bakteria hao huishika naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa kitu ambacho mmea unaweza kukitumia. Nao mmea huwalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Si biashara ya bei rahisi: kila gramu ya naitrojeni hugharimu gramu kadhaa za sukari.

Mtu anaweza kujihakikishia kwa macho yake. Mkunde mmoja ukichimbwa taratibu wakati wa maua, udongo ukapukutishwa bila kung'oa mizizi midogo, vinundu vitaonekana. Kimoja kikikatwa kwa wembe na ndani kikawa na rangi ya waridi au nyekundu kama nyama, kinafanya kazi. Wekundu huo unatokana na dutu inayofanana sana na ile inayoipa damu ya binadamu rangi yake, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni ili bakteria wasizuiwe kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, hakileti kitu.

Naitrojeni inayotoka kwenye vinundu vya kunde husafiri kama misombo iitwayo ureidi. Ureidi hupanda na maji kupitia mirija inayotoka mizizini, na maji huenda pale yanapovutwa zaidi, yaani kwenye majani, ambayo hupumua maji mchana kutwa. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha naitrojeni ni jani, wala si ganda. Huko jani huivunja ureidi na kutengeneza asidi amino, hasa aina mbili ziitwazo asparajini na glutamini. Nyingine hubaki ndani ya jani, zikijenga protini zinazoliwezesha kukamata jua. Jani la kunde ni kiwanda, na pia ni ghala.

Ganda lenyewe halipumui maji mengi. Ndiyo sababu ureidi inayofika huko moja kwa moja kutoka mizizini ni kidogo. Ganda hulishwa kupitia mirija mingine, ile inayoshusha sukari na asidi amino kutoka kwenye majani, na jani lililo karibu na ganda ndilo linalolilisha zaidi.

Jambo hili lilifuatiliwa kwa undani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia mjini Perth, miongoni mwao John Pate, Craig Atkins na Mark Peoples, ambao mwaka 1985 walichapisha mfululizo wa tafiti kuhusu ganda la kunde. Inafurahisha kwamba mmea walioushughulikia si wa kwao. Kunde asili yake ni Afrika. Walichokiona kuhusu maji ni cha ajabu kidogo: wakati wa mchana wenye joto, maji yaliyokuja na sukari hadi kwenye ganda hayabaki yote humo. Mengine hurudi kwenye mmea kupitia mirija ya maji, kwa sababu majani yanayavuta kwa nguvu kuliko ganda. Chakula kinabaki, maji yanarudishwa kutumika tena. Kwa mmea wa nchi kavu, hiyo ni akili.

Ganda si mfuko tu

Wengi huliona ganda kama mfuko wa kubebea punje. Ukweli ni kwamba ganda changa lina kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, ni la kijani, hivyo hukamata mwanga na kuitumia tena hewa chafu inayotolewa na punje zinapopumua. Pili, hupokea mizigo ya naitrojeni kutoka kwenye majani na kuibadilisha: ureidi kidogo iliyopenya huvunjwa humo, na asidi amino za aina moja hugeuzwa kuwa za aina nyingine kulingana na mahitaji ya punje. Tatu, ganda hujiwekea akiba ya protini katika ngozi yake.

Akiba hiyo haidumu. Punje zinapoanza kunenepa kwa kasi, ngozi ya ganda huivunja protini yake yenyewe na kuipeleka ndani. Ndipo ganda huanza kupoteza ukijani, likawa la manjano, kisha kavu kama karatasi. Mkulima huona ganda linakauka. Kinachotokea ni kwamba linajimaliza kwa ajili ya punje.

Ndani ya punje nako kuna mpangilio wake. Kijimmea kidogo kilichomo hakijaunganishwa na mama yake kwa mirija. Chakula huishia kwenye gamba la punje, na gamba hilo ndilo linalokimwaga ndani kidogo kidogo, nacho kijimmea hukifyonza. Yale mapande mawili ya punje, ambayo hutengana mtu akizimenya kunde zilizolowekwa, hukusanya asidi amino hizo na kuzifunga kuwa protini ya akiba. Protini hiyo hufungiwa katika vifuko vidogo sana, ikae humo hadi mbegu itakapootea mvua nyingine. Binadamu akipika cambuulo anakula akiba iliyowekwa kwa ajili ya chipukizi.

Kutoka ua kufunguka hadi ganda kukomaa ni wiki tatu hivi. Katika wiki ya kwanza ganda hurefuka na punje hubaki ndogo. Sehemu kubwa ya protini huingia katika wiki mbili za mwisho. Hapo ndipo mahitaji huwa makubwa kupita kiasi ambacho mizizi inaweza kuleta, na pia ndipo vinundu huanza kuchoka, kwa kuwa sukari iliyokuwa ikiwalipa bakteria sasa inachukuliwa na maganda. Mmea hauna njia nyingine ila kuyageukia majani. Protini ya majani huvunjwa, naitrojeni hupelekwa kwenye maganda, na majani ya chini hugeuka manjano na kudondoka. Umanjano huo wakati wa kujaza si ugonjwa. Ni mzigo unaohamishwa.

Sasa mtu aliyevuna majani yote katika wiki ya kwanza ya maganda ameondoa viwili kwa mpigo: kiwanda cha sukari na ghala la naitrojeni. Maganda yake hayawezi kujaa, hata mvua ikinyesha.

Mvua ikikatika kabla ya wakati

Diff hupata mvua kidogo, nayo huja kwa misimu miwili, Gu na Deyr, ambayo yeyote kati yake inaweza kukosekana. Hakuna anayehitaji kukumbushwa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo iliyokufa.

Ukame unapoushika mkunde, vinundu huwa miongoni mwa vya kwanza kuumia. Kazi ya bakteria hupungua hata kabla majani hayajanyauka waziwazi, kwa hiyo mmea unaweza kuonekana mzima huku bomba la naitrojeni limeshafungwa. Ukame huo ukija wakati wa maganda, punje hutegemea zaidi kile kilichokwisha kuwekwa kwenye majani na kwenye ngozi ya ganda. Mmea pia hupunguza idadi: huangusha maua na maganda machanga ili yaliyobaki yapate shibe. Maganda machache yenye punje nene yana faida kuliko mengi yaliyo matupu, na mkunde unalijua hilo bila kufundishwa.

Hapa ndipo mbegu za kukomaa mapema zina maana. Kituo cha utafiti cha Katumani, kilicho Machakos na ambacho sasa ni sehemu ya shirika la KALRO, kilitoa aina kama K80 na M66 kwa ajili ya maeneo makavu. Zote mbili hutumika kwa majani na kwa punje. Kupanda mara tu mvua ya kwanza inapolowesha udongo vizuri huipa kunde nafasi ya kufika kwenye maganda udongo ukiwa bado na unyevu. Kuchelewa wiki mbili ni jambo dogo kwa mtu, lakini kwa vinundu ni hasara kubwa.

Samadi nayo inahitaji kiasi. Boma la zamani la mbuzi lina naitrojeni nyingi, na mkunde uliopandwa juu yake hunawiri majani hadi jirani akaja kuuliza siri. Lakini mmea unaopata naitrojeni nyingi udongoni hauoni sababu ya kuwalipa bakteria. Vinundu huwa vichache, majani huendelea kuota, na maganda huchelewa. Anayetaka mboga pekee hana cha kujutia. Anayetaka punje na asambaze samadi kidogo kidogo, au aitumie kwa mtama na mahindi.

Nani ale majani, na lini?

Hakuna anayesema majani ya kunde yasiliwe. Ni mboga nzuri yenye protini na madini, na katika nyumba nyingi ndiyo mboga pekee ya kijani. Suala ni wakati. Tangu wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota hadi maua yanapoanza, majani machanga yanaweza kuchumwa kwa zamu, machache kwa kila mmea, nao mmea utaota mengine. Maua yakishafunguka, mkono upunguzwe. Maganda yakishachomoza, majani yaachwe mpaka maganda yawe ya manjano. Familia inayohitaji mboga hadi mwisho inaweza kutenga mistari michache ya pembeni iwe ya majani tu, na kuiacha mingine ijaze punje.

Kwa mbuzi, hesabu ni tofauti, na mfugaji ndiye wa kuamua. Mikunde ikikatwa wakati wa maua au maganda ya kwanza, nyasi yake kavu ni chakula chenye nguvu sana kwa mifugo, kwa kuwa naitrojeni bado iko kwenye majani. Ikikatwa baada ya mavuno, mabua na majani yaliyobaki yana protini ndogo zaidi, kwa maana mzigo umeshahamia kwenye punje. Haiwezekani kupata vyote viwili kutoka mmea mmoja. Mwenye mbuzi watano wa kukamuliwa na watoto wadogo nyumbani anaweza, kwa haki kabisa, kuona kwamba nyasi ya kunde inampa zaidi kupitia maziwa. Asichopaswa kufanya ni kulisha majani kisha akasubiri punje.

Jambo hilohilo linagusa imani iliyozoeleka kwamba kunde hurutubisha shamba. Ni kweli kwa kiasi. Lakini punje zikivunwa, naitrojeni nyingi iliyotoka hewani huondoka shambani ndani ya gunia. Kinachobaki ni mizizi, vinundu vilivyooza na majani yaliyodondoka. Mbuzi wakiingia wakala na hayo mabaki, na samadi yao ikaishia bomani, shamba limebaki na kidogo sana. Anayetaka udongo ufaidike arudishe mabaki au samadi.

Maganda ya qurac

Wakaazi wasio na shamba hata la hatua kumi nao wana sehemu yao katika habari hii, kwa sababu mti wa qurac ni wa jamii moja na kunde. Maganda yake yaliyojikunja ni chakula cha mbuzi katika miezi mibaya. Na mambo yaliyoelezwa juu hutokea humo pia: protini huhamia kwenye mbegu ganda linapokomaa. Tawi likivutwa kwa hangool na kukatwa maganda yakiwa bado mabichi, mbuzi hupata kitu cha siku moja, lakini mbegu hazijajaa, na tawi hilo halitazaa msimu ujao. Maganda yaliyoiva hudondoka yenyewe au hushuka kwa kutikiswa kidogo. Yakiokotwa na kuhifadhiwa pakavu, hukaa hadi Jilaal inapokaza.

Tatizo la qurac liko kwenye ugumu wa mbegu. Ngozi yake ni ngumu kiasi kwamba mbegu nyingi hupita tumboni mwa mbuzi zikatoka nzima, pamoja na protini yake yote. Kuyatwanga maganda kwenye kinu kabla ya kulisha huzipasua, na mbuzi akapata kile ambacho vinginevyo kingeishia kwenye kinyesi. Ni kazi ya jasho, lakini kwa mbuzi wachache wanaonyonyesha inalipa. Maganda ya mathenge, mti ulioenea Garissa na kandokando ya Mto Tana, yanahitaji uangalifu kwa sababu nyingine: yana sukari nyingi, na mbuzi wasiopata lishe nyingine huharibika meno. Wakaazi wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kuuthibitisha ubaya wa mti huo.

Mbegu za qurac zinazopita nzima hazipotei zote. Huko Turkana, watafiti Robin Reid na James Ellis walionyesha mwaka 1995 kwamba miche ya mti huohuo huota kwa wingi katika maboma yaliyohamwa, mahali mbuzi walipolala na kuacha mbegu pamoja na samadi. Wazee wa Diff wanaoweza kuonyesha kwa kidole boma la zamani lilipokuwa, kwa kutazama tu miti ya rika moja iliyosimama kwa duara, hawatashangazwa na utafiti huo.

Mkulima anayetaka kujua kama kunde zake zina vinundu vinavyofanya kazi, au mfugaji anayetaka kupanga ni wakati gani wa kukata nyasi ya kunde, anaweza kumwona afisa wa kilimo au wa mifugo katika wadi yake. Ni vizuri kwenda na mmea mzima uliochimbwa na mizizi yake wakati wa maua, kwa sababu maganda yakishakauka vinundu huwa vimeoza na hakuna kinachoonekana.